Nina likizo ya siku 28 tu: niende kihambani mwezi gani?

MwanaWaKilema ameuliza:

Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada kwa wenye uzoefu wa kahawa ya mlimani, hasa upande wa Vunjo, Kilimanjaro.

Mzee wetu alifariki 2023. Kihamba chetu (pale nyumbani penye migomba na kahawa) kipo Kilema, kama robo tatu ya ekari hivi. Siku ya kuanua matanga tulihesabu mibuni tukapata 312, mingi ya zamani kabisa, shina nene kama paja la mtoto. Kuna migomba, mringaringa mmoja mkubwa, masale mpakani, na ng'ombe wawili bandani. Anayeishi pale ni mama, ana miaka 76, pamoja na kijana wa kazi. Sisi watoto tumesambaa: wawili Dar, mmoja Mwanza, mmoja Dodoma, dada ameolewa Rombo.

Kama mnavyotujua, tunakwenda nyumbani Krismasi. Nimeanza kazi 2011, na tangu hapo sijawahi kuiona kahawa nyekundu mtini. Nikifika tarehe 22 Desemba nakuta majani na punje chache nyeusi zilizokaukia kwenye matawi. Magunia yalishakwenda chamani (chama cha ushirika) zamani. Tunachinja, tunakunywa mbege, tunagombana kidogo, tarehe 2 tunashuka.

Sasa kesi iliyopo. Mwaka 2025 mwanzoni bei ya arabika huko New York ilivuka dola 4 kwa ratili, na ndugu zangu ambao hawajawahi kuuliza habari za mbuni hata mmoja wote wakawa wakulima kwenye grupu la WhatsApp. Kaka mkubwa anataka hesabu. Mdogo wangu anataka tung'oe kila kitu tupande parachichi. Mimi niko katikati, na kusema kweli sijui lolote.

Msimu huu uliokwisha tumepata kilo 61 za kahawa kavu yenye ganda lake, ile ya kupeleka chamani. Daftari la kijana linasema alichuma madebe 40. Kaka anasema hapo kuna wizi. Mama hataki hata mazungumzo hayo yaanze.

Maswali yangu:
Likizo yangu ni siku 28 kwa mwaka. Kama mwaka huu nikiacha Krismasi, nizichukue mwezi gani ili niwe na faida pale kihambani? Na je, kilo 61 kwa mibuni 312 ni sawa au tunaibiwa?

Natanguliza shukrani.

---

Mzee wa Fursa amejibu:

Mkuu, ng'oa. Kahawa ni kazi ya marehemu. Weka parachichi aina ya Hass, mnunuzi anakuja na gari lake mpaka getini, unapokea hela kwenye simu umekaa Sinza. Zamani kung'oa mbuni ilikuwa kesi, siku hizi nani atakukamata?

---

Bibi_wa_Marangu amejibu:

Mwanangu, shimboni. Naandika kwa simu na miwani ya kununua stendi, nivumilieni makosa.

Nianze na jibu, maelezo baadaye. Njoo mwezi wa pili.

Najua ulitegemea niseme wa nane au wa tisa, ukaone nyekundu. Nyekundu utaiona siku nyingine. Kuchuma unaweza kumlipa mtu kwa debe. Kupogoa huwezi kumlipa mtu ukaenda zako, maana anayelipwa kwa mti atakata upesi amalize, na alichokikata mwezi wa pili utakijutia misimu miwili. Hiyo shina nene kama paja unayoisema mbele za watu kwa fahari, mimi nikiisoma naona mti ambao haujakatwa tangu baba yako alipoanza kuumwa.

Sasa maelezo. Nimerudi nyumbani 2008, baada ya kuacha ukarani Tanga. Nilirudi nikiwa mjinga kama wewe, nikidhani kahawa ina mavuno kama mahindi yana mavuno. Haina. Kichipukizi cha ua kinakaa kwenye tawi kimelala wakati wote wa ukavu. Ikinyesha mvua ya kwanza ya maana kinaamka, na siku nane au kumi baadaye unafungua mlango asubuhi unakuta kihamba cheupe chote na harufu imeingia hadi jikoni. Siku mbili tatu, ua limekauka. Ikija mvua nyingine, linakuja ua jingine. Kuanzia vuli mpaka mwezi wa kwanza unaweza kuona maua mara tatu au nne, na kila ua lina zamu yake ya kuiva, miezi minane mpaka tisa mbele.

Kwa hiyo mimi nina kalenda ya kanisa ukutani pale jikoni, na kila siku ya ua naizungushia duara. Novemba iliyopita nimezungushia tarehe 9. Hiyo nitaanza kuichuma mwisho wa mwezi wa saba. Duara la mwisho liko tarehe 11 mwezi huu, hilo ni la mwezi wa tisa kwenda wa kumi. Ninyi mnaokuja Desemba mnakuta zamu zote zimepita, na hakuna aliyewaonea. Walio chini karibu na barabara ya Himo wanatutangulia, walio juu karibu na msitu wanachelewa. Kilema kwenu itategemea mko usawa gani, muulize mama yako alisikia lini harufu.

Hebu nikupitishe mwaka, ila sitakwenda mwezi kwa mwezi kama kitabu cha shule.

Mwezi wa kwanza na wa pili ni jua. Mbuni umevuliwa matunda, unauona mifupa yake. Ndipo unakaa chini yake na mkasi na msumeno mdogo, unatazama. Unaacha shina mbili, tatu zikizidi, unaondoa maotea yote yanayochomoza pembeni, unaondoa tawi lililokwisha kuzaa likachoka. Lakini angalia vizuri, maana wakati huohuo yapo matawi yenye vibuni vichanga vya ua la Novemba, vingine vidogo kama kichwa cha njiti ya kiberiti. Mtu wa kibarua havioni hivyo. Anavuta, anakata, anatupa msimu wako chini. Mti uliochoka kabisa unaukata kisiki, kama goti hivi kutoka chini, unasubiri miaka miwili mpaka uzae tena. Usikate yote mwaka mmoja, mama yako atakula nini? Kata mmoja katika kila minne.

Na hapo mwezi wa pili ndipo samadi inatoka bandani kwenda kwenye mashimo, kabla masika hayajafika. Ng'ombe wako wawili wana kazi hiyo kuliko maziwa.

Mwezi wa tatu mpaka wa tano ni masika, hapo hakuna anayekutaka. Utelezi, inzi, kila mtu yuko kule chini tambarare kupanda mahindi na maharage ya shamba. (Wale wasio wa kwetu: kihamba ni hapa nyumbani penye migomba na kahawa na makaburi. Shamba ni kule chini kwenye joto. Ukimwambia Mchagga mzee kwamba kihamba ni shamba atakutazama.) Kihambani kazi ya masika ni kupiga dawa ya mrututu, la sivyo ugonjwa wa chulebuni unakula matunda yangali mabichi, yanageuka meusi na kuzama katikati kama yamechomwa na sigara.

Mwezi wa sita na wa saba mlima unajifunika blanketi. Mnaita kipupwe huko pwani na mnaona raha. Sisi hapa jua tunaliona saa saba mchana, saa tisa limekwenda. Kuni mbichi, nguo hazikauki, na kahawa ya mwanzo ndiyo inaanza kuiva katika hali hiyo. Mwaka wangu wa pili nilifanya kosa ambalo silisahau. Nilikuwa nimemenya debe sita, nimevundika siku mbili, nimeosha, nimeanika kwenye kichanja. Ukungu ukashuka. Mimi kwa akili yangu ya karani nikafunika kwa nailoni, nikaibana vizuri kwa mawe, nikaenda msibani Mamba siku mbili. Niliporudi nikafunua, moshi. Imechemka yenyewe kwa yenyewe. Nikaianika jua lilipotoka, ikakauka, kwa macho ilikuwa nzuri. Nilipofika chamani yule mpimaji hakuigusa hata mzani, alichota kiganja akainusa, akanirudishia kiganjani kwangu. Akasema tu, "Mama, unasikia?" Nilisikia. Ilikuwa inanuka kama soksi.

Mwezi wa nane mpaka wa kumi ndio kilele. Unazunguka mti uleule kila baada ya siku kumi hadi kumi na nne, unachuma nyekundu tu, unaacha ya njano. Na bahati mbaya ndio mahindi ya kule chini yamekauka yanataka kuvunwa. Mikono ni ileile miwili. Kila nyumba hapa mwezi wa nane inachagua nini kioze. Zamani tulikuwa watoto wanane nyumbani, tunachuma tukitoka shule, tunamenya usiku kwa ile mashine ya mkono, mmoja anazungusha, mmoja anamwaga maji, mmoja analia usingizi. Maji yalikuja kwa mfongo, yaani mfereji wa kijiji, na mfongo una zamu, kwa hiyo kama zamu yenu ni saa tisa usiku mnaosha kahawa saa tisa usiku. Siku hizi mama yako ana kijana mmoja. Ndiyo maana nasema, ukiweza kugawa likizo, lete siku nyingine mwezi wa nane. Ukishindwa, mwezi wa pili unatosha, kuchuma uweke vibarua wa debe.

Kuhusu kilo 61 nitarudi. Ng'ombe analia.

---

MwanaWaKilema:

Mkuu asante sana, umenifungua macho. Nasubiri hiyo ya kilo 61.

---

Bibi_wa_Marangu:

Mkuu ni nani? Mimi ni bibi.

---

Jirani wa Nyeri amejibu:

Habari zenu wadau wa Kilimanjaro. Nimesoma nikacheka, kwa sababu kwetu huku Kenya mambo ni kinyume kabisa. Sisi tuko karibu na ikweta, mvua zetu ni mbili na kahawa yetu ni mbili. Ile kubwa inachumwa Oktoba hadi Desemba, ile ndogo Aprili hadi Juni. Kwa hiyo likizo ndefu ya shule ya mwisho wa mwaka ilikuwa ni ya kahawa. Nikiwa mtoto sikujua watoto wengine wanacheza Desemba. Watu wakija kutoka Nairobi kwa Krismasi wanapewa ndoo kabla ya chai.

Tofauti nyingine: hatumenyi nyumbani. Unachuma asubuhi, mchana unamwaga kwenye turubai unachambua, kabla ya jua kutua umefikisha kiwandani kwa ushirika, karani anapima, unapewa risiti. Kuvundika na kuanika ni kazi yao. Bibi, hiyo hadithi ya nailoni kwetu ingempata meneja wa kiwanda, na kijiji kizima kingemfuata nyumbani!

Kwa upande wa miti, baba yangu ana SL28 za zamani na pembeni amepanda Ruiru 11 na Batian. Anasema SL28 ndiyo inayompa ladha na Batian ndiyo inayomwacha alale, kwa sababu ile ya kwanza inaugua sana. Ugonjwa huo wa matunda, chulebuni, uliripotiwa kwanza huku Kenya, 1922, samahani kwa kuwavusha mpaka.

Na mbege ninaitaka. Nitakuja Desemba basi, kwa vile hamna kazi.

---

Bwana Shamba Mstaafu amejibu:

Namuunga mkono bibi kwa karibu yote. Naongeza machache.

Mosi, hizo punje nyeusi ulizoziona Desemba kwenye matawi usizidharau. Humo ndimo ruhuka anamolala. Ni kadudu kadogo keusi, kanatoboa tunda kwenye kitovu, kanazaa ndani, na msimu mpya ukianza kanahama kwenda kwenye matunda mapya. Masazo yote ya mtini na ya chini yaokotwe yachomwe au yafukiwe. Hii ni kazi ya watoto na wageni. Kwa hiyo hata Krismasi mnaweza kufaa, chukueni ndoo kama alivyosema jirani.

Pili, kabla hamjagombana na mdogo wako kuhusu parachichi, nendeni Lyamungu pale TaCRI, taasisi ya utafiti wa kahawa. Wana aina chotara zinazostahimili chulebuni na kutu ya majani. Zile za wazee, N39 na KP423, ni tamu lakini bila dawa haziendi, na dawa ni hela. Jazieni mapengo kwa chotara polepole. Parachichi moja mbili mpakani si dhambi, lakini parachichi ni mti mkubwa, ukishaupanda katikati ya kihamba umechagua kivuli kizito kwa miaka mingi. Mringaringa wenu unatosha.

Tatu, namsahihisha bibi kidogo: kisiki akate kwa mshazari, maji ya mvua yasituame juu yake. Goti ni sawa.

---

Bibi_wa_Marangu amejibu:

Bwana shamba asante, mshazari nilisahau. Na dawa ya mdudu kwenye shina hujaisema, bungua. Mwanangu, ukiona unga kama wa msumeno chini ya mbuni, tafuta tundu, ingiza waya.

Haya, kilo 61.

Kwanza hesabu. Debe langu la kahawa mbivu, likijaa sawasawa, huja kilo 12 au 13. Madebe 40 ni kama kilo 480. Ukimenya, ukavundika, ukaosha, ukakausha, kilo tano za mbivu zinakupa moja ya kavu yenye ganda. Hapo mngepata tisini na kitu. Mmepata 61. Inapungua kama thelathini na tano.

Kabla ya kusema wizi, toa zinazoelea. Ukimwaga kahawa kwenye maji, mbovu na zenye ruhuka zinapanda juu, hizo hazimenywi. Kwa miti isiyopigwa dawa zinaweza kuwa nyingi. Tena uliza debe la kijana linajaa mpaka wapi, maana vijana wanaandika debe likiwa limefika shingoni. Tuseme hapo umeokoa kilo kumi na tano, hata ishirini. Bado kuna kitu kimetoka.

Sasa nakuuliza swali, ukipenda usijibu hapa mbele za watu. Hela ya chamani inaingia kwenye simu ya nani?

Nauliza kwa sababu hii. Kwetu kahawa ilikuwa ya baba, ndizi za mama. Mama alichuma, mama alibeba majani ya ng'ombe kutoka nyika kwa kichwa, mama aliosha saa tisa usiku, na siku ya malipo baba alivaa koti akaenda KNCU, ushirika wetu mkuu wa kahawa, peke yake. Simlaumu sana baba yangu. Mwaka 1977, ile bei ilipopaa baada ya baridi kuunguza mibuni ya Brazil 1975, aliezeka bati na kunipeleka sekondari, mimi msichana, na majirani walimcheka. Lakini mama hakuwahi kuishika hela ile. Alichokuwa anafanya, na mimi nilijua kwa sababu nilitumwa, ni kufunika debe moja la mbivu chini ya majani ya mgomba, na mimi nilipeleka kwa mama mmoja ng'ambo ya mto ambaye mume wake hakuwa na maneno. Tukapata chumvi, sabuni, kalamu. Baba alipohesabu magunia alisema panya.

Kwa hiyo kabla hamjamfukuza yule kijana, kaa na mama yako. Usiende na daftari.

---

Mzee wa Fursa:

Bibi umenipiga. Mama yangu naye alikuwa na "panya" wake. Parachichi nimefuta.

---

MwanaWaKilema amejibu (wiki mbili baadaye):

Wakuu, na bibi yangu wa Marangu, nimerudi na mrejesho.

Niliangalia hiyo ya simu. Baba alipofariki tulijaza fomu chamani, tukaandika namba ya kaka mkubwa kwa sababu ndiye mkubwa. Hakuna aliyefikiria mara mbili. Malipo ya awali yaliingia kwake, ya pili yakaingia kwake, na yeye anamtumia mama "ya matumizi" anapokumbuka. Hali hela, nisimseme vibaya, anajenga ukuta wa makaburi. Lakini mama kwa mwaka mzima alikuwa anamwomba mwanawe hela ya kahawa aliyoichuma yeye.

Sikumuuliza mama kuhusu kilo. Nilimpigia nikamwambia nataka tubadilishe namba pale chamani iwe yake. Akakaa kimya, nikadhani mtandao umekatika. Kisha akasema, "Basi mwaka huu labda zitaongezeka." Akaanza kuzungumzia ng'ombe.

Kaka alinuna siku tatu. Sasa anasema wazo lilikuwa lake.

Kazini wamekubali nigawe: siku 14 kuanzia tarehe 9 Februari, 14 nyingine Agosti. Krismasi mwaka huu nitakaa Dar, na hilo ndilo limeleta maneno mengi kwenye grupu kuliko hela yote ya kahawa. Dada wa Rombo ameahidi kuja kuokota masazo na watoto wake. Lyamungu nitapita siku ya kwanza nikiwa njiani, bado ninatafuta msumeno mzuri wa kupogolea, kama kuna anayejua duka Moshi mjini aniambie.

Jana ndiyo nimemwambia mama kwamba nakuja mwezi wa pili. Akauliza nani amefariki. Nikamwambia hakuna, nakuja kukata kahawa. Akanyamaza tena, halafu akauliza kwa sauti ya chini kabisa, ile ya kuogopa jirani asisikie:

"Wamekufukuza kazi?"

---

Bibi_wa_Marangu:

Mwambie hapana, na asichinje kitu. Msumeno usinunue, ninao wawili, pitia uchukue mmoja. Njoo na buti na soksi za kutosha, asubuhi kuna umande mpaka saa nne. Na ile shina nene kuliko zote, usiikate kabla hujamuuliza mama yako nani aliipanda.